Nyumba ya Plastiki Isiyojua Kuanguka

Mpendwa ndugu yangu Simiyu,

Baada ya salamu, na kwa heshima zote anazostahili mtu aliyetangulia, ninachukua nafasi hii kukujulisha rasmi kwamba nyumba yako ya pili iliondolewa Jumapili iliyopita, mchana, baada ya ibada, hapa mtaani Umoja, Nairobi. Iliondolewa mbele yangu mimi kaka yako, mbele ya shemeji yako, na mbele ya binti yetu Nafula, ambaye ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Nimeona ni haki uelezwe na mtu wa nyumba yako, tena kwa utaratibu, kabla habari hazijakufikia zikiwa zimepinda njiani. Na kwa kuwa makao yako ya sasa hayana sanduku la posta, nimeiacha barua hii wazi, ili asomaye asome, na huenda mmoja wao akakufikia kabla yangu.

Ninajua ungecheka. "Brathe, hiyo barua imevaa tai." Ndivyo ulivyozoea kuniambia uliponikuta mezani nikiwaandikia majirani malalamiko yao kuhusu mifereji iliyokauka au maji taka yaliyofurika hadi kwenye vizingiti. Wewe na mimi tulifikishwa na marehemu Baba hadi mwisho wa shule ya msingi, hakuweza zaidi. Wewe ulipanda juu ya mitambo. Mimi niliingia kiwanda cha mablanketi, na Kiswahili changu cha maofisini nikakiokota kwenye redio na kwenye magazeti ya kufungia nyama. Uliniheshimu kwa ajili hiyo, ingawa heshima yako ilikuja imevaa mzaha. Ulipotaka kuomba likizo kwa mwajiri wako, ulisimama mlangoni kwangu umeshika kofia ya kazi kifuani, ukasema, "Mheshimiwa, niandikie kitu cha kumtoa machozi."

Kwa faida ya wasiokufahamu, ninaeleza kwamba ulikuwa mwendeshaji wa mtambo wa kuchimba, ule wenye mkono mrefu wa chuma, unaofungua ardhi ili misingi ya maghorofa ilale. Uliishi nasi katika vyumba vya nyuma tulivyopanga, vile ambavyo wenye nyumba wa Umoja huviongeza kimoja baada ya kingine mpaka ua mzima unakuwa ukuta. Wewe ulilala sebuleni. Hukuwa na mke bado. Ulikuwa ukisema mke hatafutwi kabla ya nyumba, na nyumba haijengwi Nairobi.

Nianze na siku ya matofali.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, na shemeji yako alikuwa amekuagiza nyama kutoka soko la Burma. Alikwisha kuweka sufuria ya maji ya ugali jikoni. Nafula, ambaye wakati huo hakuwa ameanza shule, alikaa kizingitini akingoja harufu. Ukaja na gunia dogo begani, ukalimwaga katikati ya sebule, na likatoa kelele kama ya kokoto. Yalikuwa matofali madogo ya plastiki, mekundu, ya manjano na meupe, yale yenye vifundo juu na matundu chini, yanayoshikana ukiyabana. Mchuuzi mmoja wa mitumba alikuwa ameyatandaza karibu na lango la soko, nawe hukufika buchani.

Mama Nafula alisimama na mwiko mkononi. "Simiyu, nyama iko wapi?"

"Shemeji, nyama ilikuwa fiti. Lakini angalia hii."

"Nimeangalia. Inaiva kwa dakika ngapi?"

Tulikula ugali na sukuma wiki, na hukuambiwa lolote hadi chakula kikaisha. Kisha shemeji yako akasema, bila kukutazama, kwamba mwezi ujao angemtuma Nafula sokoni, maana walau yeye akipotea anauliza njia. Ulicheka mpaka ukakohoa. Nimekumbuka kikohozi kile mara nyingi tangu hapo, ingawa siku ile kilikuwa kicheko tu.

Jumapili zilizofuata zikawa na desturi yake. Tulitoka kanisani, tukabadili nguo, ukakunja mkeka, nawe na Nafula mkapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Mimi ningeanza na nyumba, kama mtu yeyote mwenye akili za kawaida. Wewe ulikataa katakata. "Mjengo hauanzi na nyumba, brathe. Unaanza na njia ya kuingilia. Lori likikwama hapa, hiyo nyumba yako utaibeba na kichwa." Kwa hiyo mlitengeneza njia kwanza, kwa vipande vya boksi. Baada ya njia, mitambo. Magurudumu yaliyokuja na gunia hayakutosha, ukatoboa vifuniko vya soda kwa msumari, tipa ikasimama juu yake. Rola ya kushindilia uliitengeneza kwa betri kuukuu ya redio yangu, na ilikuwa nzito kweli, ikipita juu ya unga wa chaki unabaki laini. Kreni ilipata kamba kutoka kwenye uzi wa kushonea wa shemeji yako, na ndoana kutoka kwenye pini yake ya nywele, ambayo aliitafuta wiki nzima.

Lakini kazi yako ya fahari ilikuwa mtambo wa kuchimba. Wewe uliuita eskaveta. Mimi nilishikilia uitwe mtambo wa kuchimbia. Nafula akautazama ukiinama, ukachota vumbi na kuinuka, akasema, "Ni kijiko," na mjadala ukafungwa. Mkono wake ulikuwa na viungo, vilivyoshikwa na misumari miembamba, na ulimfundisha mtoto kuuendesha kwa vidole vyake pande zote mbili kama wewe ulivyoendesha ule mkubwa. "Usivute kwa nguvu. Mwambie pole pole. Udongo si adui yako." Wakati mwingine ulifumba macho ukimwelekeza, na mikono yako mwenyewe ikasogea hewani, ikishika vyuma visivyokuwepo.

Nafula alikuwa fomeni. Alivaa kofia yako ya kazi, ambayo ilimfunika hadi puani.

"Wewe baba mdogo, umelala kazini?"

"Hapana, fomeni. Nilikuwa naomba Mungu."

"Omba Mungu ukienda nyumbani. Leta mchanga."

Mimi nilipewa cheo cha ofisi. Uliniambia mjengo wowote bila kibali ni kesi, basi mimi niwe mkuu wa vibali. Niliichukua kazi hiyo kwa uzito uliostahili. Niliandika ombi kamili, "Kuh: Ruhusa ya Kujenga Nyumba Moja ya Makazi Katika Sakafu Iliyotajwa", nikaligonga muhuri kwa kizibo cha chupa na wino. Ulilisoma kwa sauti umesimama wima, mstari kwa mstari, bila kucheka hata kidogo. Kisha ukalikunja vizuri na kulitia mfukoni mwa shati. Nilikuwa sijawahi kuona barua yangu ikipokelewa namna ile.

Ninatakiwa pia nitaje tingatinga, kwa sababu linahusika na yaliyotokea Jumapili. Nafula alikuwa ameliona moja kwa macho yake. Mama yake alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara upande wa Mowlem, na asubuhi moja tingatinga lilikuja na watu wenye marungu, na kibanda kikawa mbao, na mbao zikawa vibanzi. Niliandika malalamiko mawili, nayo hayakujibiwa. Jioni ile ulikaa bila kuvua viatu. Ulisema, "Yule aliye kwenye kiti ni operata kama mimi. Labda hata namjua." Jumapili iliyofuata Nafula akakuomba mtengeneze tingatinga lenye bamba la kusukumia. Ulimjibu kwa upole kwamba katika mjengo wako mashine hiyo haina kazi. "Sisi hatubomoi, fomeni. Kitu kikiwa hakitakiwi hapa, tunakiinua, tunakiweka kwa tipa, tunakipeleka mahali kinatakiwa. Na tipa haitoki kabla dereva hajaambiwa anaenda wapi." Mtoto alilishika neno hilo kuliko alivyoshika amri za kanisani.

Njia na mitambo ilipokuwa tayari, ndipo mlipoanza nyumba. Ilikuwa nyumba yako. Ulitamka hivyo tangu tofali la kwanza. "Hii ni ile nitajenga nyumbani, kando ya nyumba ya Mama, mlango hapa, chumba hapa, na hapa pa kukaa wageni." Ilipanda taratibu, kwa maana kila Jumapili ulibadili kitu. Katika ukuta wa nyuma, juu karibu na pembe, pakabaki pengo la tofali moja. Nafula alikuwa ametoka na tofali la manjano akiwaonyesha wenzake nje, akarudi bila hilo. Alilia. Ulimwambia aliache pengo wazi, tofali litarudi likichoka kutembea. Paa halikuwepo, kwani matofali yaliishia kwenye kuta. "Paa tutaezeka Disemba," ulisema. Disemba tulipanda basi sote kwenda kumwona Mama, ukapima kiwanja kwa hatua zako, ukachomeka vijiti, na tukarudi Nairobi. Disemba nyingine ikaja, ukavikuta vijiti vimeliwa na mchwa, ukachomeka vingine.

Kisha kifua. Sitaandika mengi hapa. Wewe unayajua kuliko mimi. Ulipoacha kwenda kazini, ulilazwa kwenye kochi, na mjengo ukahamishiwa mezani ili uufikie. Nafula akirudi shuleni alikuta umeweka tofali moja tu, au umelishika bila kuliweka. Akakwambia, "Baba mdogo, leo kazi haijaenda." Ukamjibu, "Mvua ilinyesha, fomeni." Hapakuwa na mvua. Alilitazama dirisha lenye jua, akakutazama, akasema, "Sawa. Kesho."

Ulituacha kabla ya Disemba ya tatu.

Sasa wewe unajua desturi ya kwetu, lakini wasomaji wengine hawaijui. Mwanamume mzima akifa bila nyumba katika boma la baba yake, mwili wake hauna pa kufikia. Hauwezi kupitishwa langoni na kulazwa katika nyumba ya mama kama wa mtoto mchanga. Lazima kwanza ijengwe nyumba kwa jina lake, hata ya siku moja, ndipo aingie kwake, alale kwake, na atoke kwake kwenda kaburini. Mara nyingi huwa ni kibanda cha aibu, nguzo chache na majani ya migomba, na kila anayepita anajua maana yake. Hilo ndilo lililonikaa kooni wakati majirani wa Umoja walipokuwa wakichangia usafiri. Wewe uliyefungua msingi wa kila ghorofa la watu, upokewe na majani ya migomba.

Nikasafiri siku moja kabla ya mwili. Nyumba ya plastiki niliibeba ndani ya katoni, magotini, safari nzima. Mwanamke aliyeketi karibu nami aliuliza kama ni keki. Nilimjibu kwamba ni mali ya marehemu.

Baba Mkubwa Makokha, ndugu mkubwa wa Baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika boma. Nilimkuta ameketi na vijana wenye mapanga, wakipanga kukata migomba. Niliomba nisikilizwe. Nilisimama, nikatoa maombi yangu kama nilivyoyaandaa ndani ya basi: kwamba kwa kuzingatia kazi ya marehemu, na kwa kuwa alikwisha kuacha mfano, boma liridhie nyumba ijengwe sawasawa na mfano huo. Nikafungua katoni.

Aliichukua nyumba kwa mikono miwili. Aliizungusha. Alichungulia ndani kupitia mlango.

"Hii alijenga mwenyewe?"

"Kwa mikono yake, Baba Mkubwa."

"Mpaka akaugua?"

"Mpaka akaugua. Na hata baadaye."

Aliiweka nyumba magotini. Kisha akawaambia vijana waweke mapanga chini. "Basi huyu alikuwa na nyumba. Ni vile tu ilikuwa haijafika nyumbani. Leteni fito."

Simiyu, walijenga. Walijenga tangu mchana huo hadi giza, na wakaanza tena alfajiri. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, yenye kuta zilizosiribwa na paa la nyasi, mlango pale ulipouweka wewe, chumba, na mahali pa kukaa wageni. Nyumba yako ya plastiki iliwekwa juu ya kigoda katikati ya kiwanja, na kila kijana aliyebishana na mwenzake alikwenda kuitazama kisha akarudi kimya. Mimi nilikwenda kuupokea mwili barabarani. Niliporudi nao, pamoja na shemeji yako na Nafula waliousindikiza, Baba Mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya nyumba akitazama juu, karibu na pembe.

"Na hili tundu ni la nini?" alimuuliza kijana aliyekandika ukuta ule.

"Sijui, mzee. Ndivyo iko kwa ramani."

Walikuwa wameacha wazi pengo la tofali la Nafula. Wamelizungushia fito kwa uangalifu, wamelilainisha kingo. Shemeji yako aliniangalia, mimi nikamwangalia, na Nafula akatazama viatu vyake. Asubuhi iliyofuata, jeneza likiwa ndani na watu wakiimba nje, mwanga mmoja mdogo uliingia kupitia pale ukatua juu ya kifuniko, ukasogea polepole kadiri jua lilivyopanda. Mama alikuwa ameketi chini, kando yako. Aliufuata mwanga ule kwa macho kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa lugha yetu, "Amejiwekea dirisha." Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatamka siku hiyo.

Kabla ya kukuzika, Baba Mkubwa aliomba juu ya nyumba yako. Aliweka mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, na mkono wa pili juu ya ile ya plastiki, akaziombea zote mbili kwa pumzi moja. Wakati huo niliona ni heshima kubwa. Sikujua kwamba neno hilo lingetufuata hadi Umoja.

Tuliirudisha nyumba ndogo Nairobi, nikaiweka juu ya kabati, nikatoa amri isiguswe. Mitambo nilimwachia Nafula. Aliivunja na kuiunda upya mara nyingi. Nyumba alikuwa anaipangusa vumbi tu kwa kitambaa, akiwa amesimama juu ya kiti, na akimaliza anairudisha ikitazama mlangoni.

Wewe unajua tena kwamba nyumba ya marehemu haikarabatiwi. Inaachwa. Mchwa wanaila, nyasi zinaoza, na siku inapolala chini, matanga yanakuwa yamekwisha kweli, na kiwanja kinaweza kupandwa. Yako ilisimama muda mrefu kuliko zote walizowahi kuona kwa aina yake. Ilianguka msimu huu wa masika, ukuta baada ya ukuta. Mama anasema ule wenye dirisha ulikuwa wa mwisho.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane tulikwenda nyumbani. Tulimkuta Mama ameketi kwenye kivuli cha ghala akichambua mbegu za maharagwe, akitenga zilizotoboka. Macho yake yamepungua sana, Simiyu. Anazichagua kwa vidole. Alisema, "Nataka kupanda pale kwa Simiyu. Nataka nione yakitoa maua, kama nitaona." Nikamwambia apande, nyumba si imelala. Akasema, "Makokha amekataa."

Nilimwendea Baba Mkubwa. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Na ile nyingine?"

"Ipi, Baba Mkubwa?"

"Ile ya mpira. Iko juu ama iko chini?"

Nikamweleza kwamba iko juu ya kabati, nzima. Akatikisa kichwa. Ile pia ni nyumba yake, alisema. Tuliiombea pamoja. Mama yenu hawezi kupanda wakati nyumba moja ya mtoto bado imesimama. Nilimwarifu, kwa heshima, kwamba plastiki haiozi, mchwa hawaitaki, na sebuleni kwangu hakunyeshi. Kwa maneno mengine, nyumba ile haijui kuanguka. Je, niibomoe?

"Hakuna mkono unabomoa nyumba ya marehemu," alisema. "Mvua, upepo, mchwa. Hao ndio wenye kazi."

Nafula alikuwa nyuma yangu. Sasa amekuwa msichana mrefu, na huuliza anachotaka kuuliza. "Na mashine, babu?"

"Mashine gani?"

"Kijiko. Kile baba mdogo alinifundisha."

Baba Mkubwa alimtazama. "Mashine sina habari nayo. Wazee hawakuacha neno juu ya mashine."

Nikaona ni wajibu wangu kuweka jambo wazi. Nilisema kwamba hata mashine, kwa hakika, huendeshwa na mkono wa mtu. Alinigeukia akaniuliza polepole, "Wewe Baba Nafula, unatafuta kesi, ama unatafuta amani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa natafuta nyumba ile isimame. Maombi niliyokuwa nayo moyoni ni kwamba kati ya vyote ulivyovijenga duniani, ambavyo vingi siwezi hata kuvionyesha kwa kidole maana msingi hauonekani, angalau kimoja kibaki mahali ambapo nikiinua macho kutoka kwenye karatasi ninakiona. Tulirudi Nairobi, na nyumba ikakaa pale pale juu ya kabati. Jumapili zikapita. Nafula hakuuliza. Kisha jirani aliyetoka nyumbani akaleta salamu za Mama. Alisema Mama anauliza kama imeanguka. Mbegu amekwisha kuzichagua, na mvua za vuli ziko karibu.

Basi Jumapili, tulipotoka kanisani, Nafula alikunja mkeka.

Hakuiteremsha nyumba kwanza. Alitandaza njia ya kuingilia, vipande vya boksi, tangu mguu wa kabati hadi mlangoni. Akapitisha rola. Akaleta tipa. Kijiko alikuwa amekiunda upya usiku uliotangulia, kwa misumari ile ile. Ndipo akaniomba mimi, kwa kuwa ni mrefu, niiteremshe nyumba na kuiweka mwisho wa njia. Niliiweka. Shemeji yako akatoka jikoni akiwa na mikono yenye unga, akasimama.

"Baba," Nafula alisema, "kibali."

Nilikuwa nimekusudia kuandika. Karatasi ilikuwa mezani tangu asubuhi, na juu yake palikuwa na neno "Kuh:" na nukta mbili zake, na hakuna zaidi. Nikasema, "Anza, fomeni."

Alikiendesha kwa vidole viwili, pande zote mbili, kama ulivyomfundisha. Kijiko kiliinama juu ya ukuta, kikashika tofali la juu, likakataa. Nilidhani atavuta. Hakuvuta. Alilitikisa kidogo kidogo, akisema kwa sauti ya chini maneno ambayo niliyatambua, "Pole pole. Si adui yako." Likaachia. Akaligeuza, akaliweka ndani ya tipa. Akarudi kuchukua lingine. Hakuna kilichoangushwa, Simiyu. Hakuna kilichosukumwa. Ilichukua mchana wote. Alipofika kwenye pengo la tofali la manjano, alisimamisha kijiko, akainama hadi sikio lake likagusa sakafu, akachungulia upande wa pili. Sijui aliona nini. Mimi niliona jicho lake. Kisha akaendelea.

Sakafu ilipobaki tupu, alisukuma tipa hadi kizingitini, ikiwa imejaa mpaka juu, akanitazama.

"Mzigo uko tayari. Dereva anauliza unaenda wapi."

Ndugu yangu, mimi ambaye nimewahi kuwaandikia watu barua hadi kwa wakubwa ambao majina yao sikuyajua, anwani hiyo sikuijua. Ni shemeji yako aliyejibu, huku akijipangusa unga kwenye kanga. Alisema, "Mwambie kuna mjengo mwingine. Fomeni atamwonyesha." Nafula akaitikia kwa kichwa, na tipa ikageuka.

Hiyo ndiyo taarifa kamili. Matofali yako kwenye debe la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda cha Nafula, na asubuhi nimesikia yakimwagwa. Tofali la manjano bado linatembea. Juu ya kabati pana alama ya mraba ambapo vumbi halikuwahi kukaa, nami nimeomba isipanguswe kwa sasa.

Kwa Mama nimetuma barua nyingine kupitia kwa jirani yule yule. Asomewe na mtoto yeyote anayejua kusoma. Haina kichwa, haina muhuri, na ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Inasema:

Mama, imelala. Panda.

Pumzika kwako, Simiyu. Njia ya kuingilia tumeiacha wazi.

Ni mimi kaka yako,
Baba Nafula